Kinundu cha mbwa mzee: kisomwe kwanza, kisu baadaye

Wasikilizaji wa Butembo na wa Beni, mazungumzo ya leo yanamhusu mbwa aliyezeeka nyumbani mwenu, na kile kinundu ambacho mkono wa mtu umekikuta chini ya manyoya yake.

Kwa miaka minane, tisa au kumi mbwa huyo amelala nje, kwenye baridi ya vilima vya Butembo au kwenye joto la Beni. Watoto walimpa jina, Simba au Bobi, wakakua naye. Sasa manyoya ya mdomoni yameingia mvi, anainuka polepole, na siku moja mtoto anayemkuna anasema: "Papa, kuna kitu hapa." Unapeleka mkono ubavuni, unakuta nundu ambayo mwaka jana haikuwapo.

Hapo shauri linagawanyika. Nyanya anasema ni uzee tu, mwacheni. Kijana wa jirani anasema leteni wembe, nitakitoa sasa hivi. Mjomba anasema hiyo ni kansa, mbwa amekwisha, auawe kabla hajawaambukiza watoto. Wote wana nia njema, na wote wanaweza kukosea kwa sababu moja: wamekihukumu kinundu kwa macho. Kinundu hakisomeki kwa macho, wala kwa vidole vya fundi hodari. Kinasomwa kwa sindano nyembamba, kipande cha kioo na darubini. Vifaa hivyo vitatu vipo katika miji yetu. Kinachotupungukia ni desturi ya kuuliza mapema.

Najua yupo anayesema: tangu Oktoba 2014 watu wanauawa katika vijiji na mashamba ya Beni, wakimbizi wamejaa kwa ndugu zao, na wewe unatuletea habari za mbwa? Swali hilo ni la haki, nami nalijibu kwa heshima. Nyumba nyingi kwetu hazina ukuta wa matofali wala taa ya kuwaka usiku kucha. Zina mbwa. Masikio yake ndiyo zamu wa familia, na zamu mgonjwa hubweka kwa shida. Tena, mji uliozoea kumfikisha mbwa kwa daktari wa mifugo kwa ajili ya uvimbe ndio utakaozoea kumfikisha kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao katika watu 100 wanaouugua duniani, 99 waliupata kwa mbwa. Na lipo jambo la malezi. Mtoto anayemwona baba yake akimhangaikia kiumbe asiyeweza kusema panapomuuma anajifunza huruma, na katika nchi iliyoona damu nyingi hivi, huruma ni somo la lazima.

Basi tuanze na vinundu ambavyo si uvimbe wa kuota kabisa.

Kipo kinachotokana na ugomvi. Mbwa wawili wameumana, jino limetoboa ngozi, juu pamefunga na ndani usaha umekusanyika. Hilo ni jipu: lina joto, linauma, limekuja ndani ya siku chache. Yupo kupe aliyejaa damu, amenona mpaka anafanana na nyama ya mwili. Hapo uwe mwangalifu, maana mbwa dume naye ana chuchu tumboni, na wapo watu waliovuta chuchu wakidhani wanang'oa kupe. Tenganisha manyoya, angalia kwa mwanga: kupe ana miguu.

Yupo buu wa Cayor, anayefahamika sana Afrika ya joto. Nzi wake hutaga mayai kwenye mchanga wa kivulini wenye harufu ya mkojo, au kwenye nguo mbichi zilizoanikwa chini, na ndiyo maana mama zetu wanapiga pasi nguo pande zote mbili. Buu anapenya ngozi, anakaa humo kama siku nane hadi kumi na mbili, anaota. Utamjua kwa tundu dogo katikati ya kinundu, tundu analopumulia. Paka vaseline kulifunika. Akikosa hewa atapanda juu, kisha sukuma taratibu kutoka pande zote mbili mpaka atoke mzima. Usimpasulie ndani, kwa sababu mabaki yake yanaleta uchungu na usaha. Akitoka, safisha kwa maji na sabuni, na mahali mbwa anapolala pafagiliwe na kubadilishwa.

Upo pia uvimbe ulio karibu na kitovu au kwenye kinena, laini, unaorudi ndani ukiusukuma. Huo unaweza kuwa ngiri: utumbo umepita kwenye nafasi ya misuli na uko hapo chini ya ngozi. Fikiri yule kijana wa wembe akiukata huo. Mbwa atakufa mikononi mwake, naye alidhani anasaidia.

Sasa tuje kwenye vinundu vya kuota, ambavyo ndivyo vinavyoongezeka na umri. Habari njema ni kwamba vingi havina ubaya. Uvimbe wa mafuta ni wa kawaida sana kwa mbwa aliyepita umri wa kati, hasa mnene. Unakaa chini ya ngozi, ni laini, unateleza ukiugusa, hauumi, unakua polepole, na mbwa anaweza kuishi nao mpaka mwisho wa maisha yake. Unaondolewa pale tu unapomzuia kutembea, kwa mfano ukiwa kwapani, au unapoanza kukua haraka. Vipo vifuko vya tezi za mafuta ya ngozi, vinavyotoa kitu cheupe kizito, na zipo chunjua. Mbwa dume asiyehasiwa akizeeka anaweza kuota vinundu kuzunguka mkundu. Vingi vya namna hiyo vinalishwa na homoni za kiume, na kumhasi mara nyingi kunavifanya visinyae.

Lakini katikati ya hivyo vya amani wanajificha wabaya, na hapo ndipo jicho linapodanganyika. Mbaya wa kwanza kumjua anatokana na seli ziitwazo mastositi. Seli hizi ziko katika mwili wa kila mbwa na wa kila mtu, zinabeba chembechembe zenye histamini, ile inayoleta mwasho na uvimbe nyuki akikuuma. Daktari Mjerumani Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1878 akiwa bado mwanafunzi. Zinapogeuka kansa huweza kuchukua sura yoyote: leo kidoto chekundu, kesho uvimbe laini usiotofautiana na ule wa mafuta. Dalili moja inayosaidia ni kwamba unakua na kupungua. Asubuhi umejaa, jioni umenywea, na mwenye mbwa anafurahi kwamba unapona. Ukiukandamiza unamwaga histamini mwilini: pale panakuwa pekundu, mbwa anaweza kutapika, tumbo lake likapata vidonda, na mara nyingine akazimia. Kwa hiyo kinundu usichokijua usikikamue, usikisugue, usiwaache watoto wakichezee.

Mbaya wa pili huletwa na jua. Ikweta inapita kusini kidogo ya Butembo, na jua letu linachoma mwaka mzima. Mbwa mwenye manyoya meupe na tumbo lenye nywele chache, anayependa kulala chali juani, yuko kwenye hatari ya kansa ya ngozi inayoanza kama kidonda kisichopona. Kidonda cha tumbo au cha pua kikikaa wiki kwa wiki bila kufunga, usihesabu tena siku. Mpeleke.

Na majike. Ndugu zangu, hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jike asiyefungwa uzazi ndiye anayepata zaidi uvimbe wa matiti, na kati ya uvimbe huo karibu nusu ni kansa kweli. Jike huwa na chuchu kama kumi, safu mbili, na zile za nyuma, karibu na mapaja, ndizo zinazoshambuliwa zaidi. Mlaze ubavu, pitisha vidole kila chuchu, mbele na nyuma, na katikati yake pia. Ukikuta punje ngumu, hata iwe ndogo, usisubiri iwe kubwa. Uvimbe wa titi wenye upana usiofika sentimita tatu una matumaini mazuri zaidi kuliko uliopita hapo, maana kansa iliyokawia hushuka mapafuni.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1969 ulionyesha kwamba jike aliyefungwa uzazi kabla ya joto lake la kwanza, yaani majira ya kutaka dume, alikuwa na hatari isiyofika hata asilimia 1 ya hatari ya jike asiyefungwa. Baada ya joto la kwanza hatari hiyo ilifika asilimia 8, na baada ya la pili asilimia 26. Wataalamu wa baadaye wamezijadili tarakimu hizo, lakini ushauri wa madaktari wengi umebaki kwamba kumfunga mapema kunamkinga. Na mtu akikushauri umchome jike wako Depo-Provera, sindano ya wanawake ya kupanga uzazi, ili asipate joto, kataa. Homoni ya namna hiyo kwa mbwa huongeza uvimbe wa matiti na huleta usaha ndani ya mji wa mimba.

Kuna uvimbe mwingine ambao kila mwenye mbwa anayezurura anapaswa kuujua: uvimbe wa Sticker. Unatoka kwenye uume au uke wa mbwa, nyama nyekundu inayomeguka kwa urahisi na kudondosha damu. Mara nyingine uko puani au mdomoni kwa sababu mbwa hunusana na kulambana, na mara chache uko kwenye ngozi. Wengi wanauona wakidhani ni joto la jike lisilokwisha, au ugonjwa wa mkojo.

Uvimbe huu ni wa ajabu katika historia ya viumbe. Kansa nyingi huanzia katika mwili wa mgonjwa mwenyewe na kufa naye. Hii inahama: seli zenyewe za kansa zinatoka kwa mbwa mmoja na kuota kwa mwingine wanapopandana. Daktari wa mifugo Mrusi Mstislav Novinsky aliweza kuipandikiza kutoka mbwa hadi mbwa mwaka 1876, na Mjerumani Anton Sticker akaichunguza kwa undani mwanzoni mwa karne ya ishirini, ndiyo maana inabeba jina lake. Mwaka 2019 watafiti waliosoma jeni za uvimbe 546 kutoka nchi nyingi walionyesha kwamba zote zina babu mmoja, mbwa aliyeishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Mbwa huyo alikufa zamani zile, na kansa yake imeendelea kutembea kutoka mwili hadi mwili mpaka leo.

Na huo uvimbe wa kutisha ndio unaotibika vizuri kuliko zote nilizozitaja. Dawa iitwayo vinikristini, inayotibu pia kansa za watu, ikichomwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita hivi, huwaponya mbwa walio wengi. Ila dawa hiyo ni kali. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, na anayeishika lazima avae glavu. Kwa hiyo ni kazi ya daktari, si ya mtu aliyenunua chupa farmasi. Hebu fikirini mbwa wangapi wameuawa kwa mawe na fimbo kwa sababu walidondosha damu, nao walikuwa na ugonjwa unaopona.

Sasa, uko nyumbani, umekikuta kinundu. Fanya nini jioni hiyo hiyo?

Kwanza mfunge mdomo mbwa kwa kitambaa kirefu laini, hata kama anakupenda, kwa sababu mbwa anayeumwa huuma bila kukusudia. Akiwa amebadilika tabia ghafla, anadondosha mate, anavamia bila sababu au hawezi kumeza, usimguse kabisa: mfungie mahali salama, toa taarifa, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 kisha akimbilie chanjo. Kama mbwa yuko kawaida, anza kichwani. Pitisha viganja masikioni, shingoni, kifuani, kwapani, ubavuni, tumboni, kinenani, miguuni mpaka katikati ya vidole, mkiani na chini yake. Gusa pia chini ya taya na nyuma ya magoti, palipo na mitoki. Mitoki ikivimba pande zote kwa pamoja, ni alama ya ugonjwa wa mwili mzima.

Kila unachokikuta kiandike. Chukua daftari ya shule ya watoto, chora umbo la mbwa, weka alama mahali pa kinundu, andika tarehe na upana wake kwa sentimita ukipima kwa rula. Andika kama ni kigumu au laini, kama kinateleza au kimeshikana na nyama ya ndani, kama kina nywele, kidonda au joto. Piga picha kwa telefone rula ikiwa pembeni. Mwezi ujao rudia. Daftari hiyo itamwambia daktari mambo mengi kuliko maneno "kimekaa sana".

Kanuni ya kuikumbuka ni fupi: kinundu chenye upana wa sentimita moja au zaidi, au kilichokaa mwezi mzima, kichomwe sindano kisomwe. Na vipo visivyosubiri mwezi: kinachokua wiki hadi wiki, kilichopasuka na kutoa damu, kilichoshikana na nyama ya ndani, kilicho kwenye titi, na chochote kinachoambatana na mbwa kukonda, kukohoa au kukataa chakula.

Kabla hujafika kwa daktari kuna mambo ya kuyaacha. Usikate kwa wembe. Usifunge kwa uzi wala kwa mpira wa baiskeli ukitumaini kidondoke. Usipake asidi ya betri, mafuta ya injini wala kitu cha moto. Kansa inafanana na magugu ya shambani: ukikata juu na kuacha mizizi, unayapa nafasi ya kuchipua kwa nguvu. Daktari anapoondoa uvimbe wa mastositi hukata na nyama nzima ya pembeni, sentimita mbili au tatu kila upande, ili asiache mzizi, na jambo hilo halifanyiki kwa mbwa aliyeshikiliwa na vijana wanne akilia. Tena usimpe dawa za maumivu za watu. Ibuprofen na diclofenac, tunazozinunua bila kufikiri, humtoboa mbwa tumbo na kumharibia figo. Hata paracetamol ina kipimo chake, na kikizidi ni sumu.

Kwa daktari mambo ni mepesi kuliko mnavyoogopa. Anachukua sindano nyembamba, ile ile ya kuchanjia, anaiingiza kwenye kinundu, anavuta kidogo, anamwaga tone kwenye kioo, analitandaza na kuliacha likauke. Mara nyingi haihitaji hata dawa ya usingizi. Kisha kioo kinapakwa rangi na kuwekwa chini ya darubini. Rangi hiyo mnaijua wote mliowahi kupimwa malaria: ni Giemsa, inayobeba jina la mkemia Gustav Giemsa wa Hamburg aliyeitangaza mwaka 1904. Rangi inayomwonyesha mdudu wa malaria ndani ya damu ya mtoto wako ndiyo hiyo inayozipaka zambarau chembechembe za mastositi. Maabara inayopima malaria kwa darubini ina nusu ya kazi hii tayari. Fundi wa maabara atapaka rangi, na daktari wa mifugo atasoma.

Na wasomaji hao wanafundishwa hapa hapa. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG, kilichozaliwa Butembo mwaka 1989 wakati Emmanuel Kataliko akiwa askofu wetu, kina kitivo cha tiba ya mifugo. Vijana wetu wanasomea pale magonjwa ya ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku na mbwa. Ninyi wa Beni msiseme Butembo ni mbali. Kioo kilichokauka hakihitaji friji. Kikifungwa vizuri kwenye karatasi na kuwekwa katika kopo kavu kinasafiri kilomita 54 za njia yetu siku ambayo njia ina usalama. Kisiwekwe tu karibu na formalini, dawa ya kuhifadhia vipande vya nyama, kwa sababu mvuke wake unaharibu usomaji. Na siku njia isipopitika, picha iliyopigwa kwa telefone juu ya jicho la darubini inaweza kumfikia msomaji kabla ya jua kuzama.

Jibu likija, familia inakaa na kuamua. Ni uvimbe wa mafuta? Mrudisheni nyumbani, andikeni kwenye daftari, endeleeni kupima. Ni kansa na bado ni ndogo? Upasuaji wa kinundu kidogo ni nafuu kwa mfuko na kwa mbwa kuliko wa kinundu kikubwa. Umri peke yake haumkatazi mbwa kupasuliwa. Daktari atasikiliza moyo wake, ataangalia ufizi, atauliza anavyokunywa na kukojoa, atawaambia ashinde bila chakula saa kadhaa, ndipo amlaze usingizi. Muulizeni bila haya: kinatoka chote? Kinaweza kurudi? Gharama ni ngapi, na nikishindwa kulipa kuna njia gani nyingine? Daktari mwema atajibu yote.

Na ikiwa kansa imeshaenea? Kutomtibu siyo kumtupa. Anaweza kupewa dawa ya maumivu inayomfaa, mahali pakavu pa kulala, chakula laini, kidonda kisafishwe na nzi wafukuzwe. Hesabuni siku zake nzuri na mbaya. Anakula? Anainuka kukusalimu? Anapata usingizi? Siku mbaya zikizidi nzuri, mwombeni daktari ammalize kwa sindano ya usingizi, watu wake wakiwa karibu. Msimpe sumu ya panya, msimpige, msimfungie kwenye kiloba na kumwacha njiani. Sumu inamtesa yeye, na inaweza kumuua kuku wa jirani au mtoto anayeokota. Mzikeni kwa kina, mbali na kisima. Wala msiogope kwamba uvimbe wake umewaingia watoto: kansa ya mbwa haimwambukizi mtu.

Wasikilizaji, miji yetu imelipa gharama kubwa kujifunza maana ya kuchelewa. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ilichukua watu 2,287. Katika vituo vya Mangina, Beni, Butembo na Katwa ndipo zilipojaribiwa dawa zilizobadilisha tiba ya ugonjwa huo duniani, na ilionekana wazi kwamba aliyefika mapema alikuwa na nafasi kubwa ya kupona kuliko aliyefichwa nyumbani. Simweki mbwa kwenye mizani na watu tuliowazika. Nasema tu kwamba somo hilo tulilinunua kwa uchungu, na lina kazi hata kwa magonjwa madogo, hata kwa viumbe wadogo.

Kwa hiyo nina maombi. Ninyi walimu na wanafunzi wa tiba ya mifugo, tengeni siku moja ya mwezi ya kupokea mbwa wazee na kuwachoma vinundu vyao kwa bei ambayo mama wa sokoni anaimudu. Mwanafunzi atajifunza kusoma, na mji utapata jibu. Ninyi wa ofisi za ufugaji za Butembo na Beni, mnapopita katika komini zetu kuchanja kichaa cha mbwa, aliyeshika sindano apitishe pia mkono juu ya ngozi ya mbwa. Inachukua dakika moja, mbwa ameshashikwa tayari. Ninyi wakubwa wa vituo vya afya, mfungulieni daktari wa mifugo mlango wa maabara kwa saa moja. Nanyi wenye mbwa, kesho kukiwa na mwanga mzuri, mshikeni, mpapaseni kuanzia kichwani mpaka mkiani, na muandike tarehe. Kinachofika sentimita moja kipelekeni kikasomwe mwezi huu.